Wati Kumi, Usiku na Mchana

Seva ya nyumbani ni kompyuta isiyozimwa. Kompyuta ya kawaida ya mezani huwashwa jioni, ikatumika saa mbili tatu, ikazimwa, seva inakesha. Inatunza picha za familia, inapokea nakala za simu, inaonyesha filamu sebuleni, lakini kazi zote hizo zikijumlishwa ni za saa chache kwa siku. Katika saa 8,760 za mwaka, sehemu kubwa inapita mashine ikisubiri kuitwa tu. Saa nane usiku nyumba nzima imelala, nayo imewaka. Kwa hiyo mpango wa seva ya kwanza huanzia mahali ambapo mnunuzi wa kompyuta kwa kawaida hapaangalii: umeme inaokula ikiwa haifanyi lolote.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Wati moja ikiwaka mwaka mzima ni uniti 8.76 za umeme. Chukua Tanzania na kiwango cha T1 cha TANESCO, shilingi 292 kwa uniti. Ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani pamoja na tozo za REA na EWURA inafika kama shilingi 356, na ndiyo maana LUKU ya shilingi 10,000 huleta uniti 28 na ushee. Kwa kiwango hicho kila wati ya seva inagharimu takriban shilingi 3,100 kwa mwaka. Mashine ya wati 10 inakula shilingi 31,000 hivi. Ya wati 60, ambacho ni kiasi cha kawaida kwa kompyuta ya mezani ya zamani iliyowashwa bila kazi, inakula zaidi ya 187,000. Seva halisi ya ofisini, ile bapa ya kufungwa kwenye reki, mara nyingi haishuki chini ya wati 100, na hiyo ni 312,000 kila mwaka kwa kukaa tu.

Kwa familia iliyo kwenye daraja la D1 mambo yanakuwa mazito zaidi. Daraja hilo ni la matumizi madogo ya nyumbani, mpaka wake uniti 75 kwa mwezi, na uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, yaani 122 mkononi. Nyumba inayotumia uniti 65 kwa taa, televisheni, feni na friji ndogo inalipa kama shilingi 7,900. Seva ya wati 10 inaongeza uniti 7.2; nyumba inabaki D1, na malipo yanapanda kwa shilingi zisizofika 900. Seva ya wati 60 inaongeza uniti 43. Hapo mpaka umevukwa, kila uniti iliyozidi inatozwa kwa bei ya juu, na hali ikiendelea mteja anahamishiwa T1, ambako uniti zake 108 zitagharimu karibu shilingi 38,500. Kompyuta moja kwenye kona imepandisha bei ya kila taa ya nyumba hiyo. Kenya nako bei za nyumbani tangu Aprili 2023 zimegawanywa kwa mipaka ya uniti 30 na 100 kwa mwezi, na anayenunua tokeni akiwa karibu na mpaka mmojawapo ana hesabu ya aina hiyohiyo ya kupiga.

Wati hupimwa, hazikisiwi. Chombo chake ni kipima wati cha kuchomeka kati ya soketi na mashine. Asiyekuwa nacho anayo mita ya LUKU ukutani. Juu ya uso wake pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh, na pembeni kuna kitaa chekundu kinachopepesa. Kwenye mita ya 1000, kila mpepeso ni saa-wati moja. Kila kitu ndani ya nyumba huzimwa, friji pia, ikabaki mashine moja iliyowashwa kama dakika kumi zilizopita ili itulie. Mtu husimama mbele ya mita na saa ya simu. Kitaa kikipepesa mara moja kila dakika, mashine inakula wati 60. Zikipita dakika sita kati ya mpepeso na mpepeso, ni wati 10. Mita iliyoandikwa 1600 au 3200 hupepesa haraka zaidi kwa uwiano huo. Kipimo hiki hakimpendezi anayesubiri kumalizia kutazama mechi, lakini hakimgharimu mtu hata shilingi.

Kinachopotosha wengi ni wati zilizoandikwa kwenye maelezo ya prosesa: 65, 35, 15, 6. Namba hiyo inahusu joto ambalo feni na chuma cha kupoza vinatakiwa kulibeba prosesa ikiwa kazini kwa muda mrefu. Juu ya saa za kukaa bure haisemi kitu. Intel Core i5-6500 imeandikwa wati 65 na ndugu yake i5-6500T imeandikwa 35, na wauzaji hupenda kuisifu ya pili kwamba inakula nusu ya umeme. Herufi T ni kama spidi gavana kwenye basi: inazuia mwendo wa juu. Basi lililoegeshwa stendi halichomi mafuta zaidi kwa kukosa gavana, na prosesa hizi mbili zikikaa bila kazi hutofautiana kidogo mno. Umeme wa saa za kusubiri unaliwa hasa na vitu vinavyoizunguka prosesa: pawa saplai, bodi kuu, kadi zilizochomekwa, diski zinazozunguka, feni.

Pawa saplai inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayosifiwa kwa sababu zisizohusika. Beji ya 80 PLUS, iwe ya shaba au ya dhahabu, hutolewa baada ya kupima ufanisi kwenye mzigo wa asilimia 20, 50 na 100. Kwa pawa saplai ya wati 500, asilimia 20 ni wati 100. Seva inayotulia kwenye wati 15 inaitumia kwa asilimia 3, eneo ambalo kipimo hicho cha kawaida hakiligusi, na huko ndiko umeme mwingi hupotea kama joto. Kompyuta ndogo za ofisini huponea hapo: zinatumia adapta ya nje kama ya kompyuta mpakato, mara nyingi ya wati 65, na mzigo mdogo hauko mbali na uwezo wake. Kadi ya michoro iliyobaki ndani ya mashine ya zamani nayo itolewe, kwani inaweza kula wati 10 au zaidi bila kuonyesha picha yoyote. Baadhi ya kadi za kuongezea diski zina ubaya uliojificha zaidi: zinaizuia prosesa isiingie kwenye usingizi mzito, hivyo mashine nzima inabaki macho. Kwenye Linux, programu ya powertop huonyesha kama prosesa inalala kweli au inasinzia tu.

Kabla ya mashine kuchaguliwa, kazi zake ziandikwe, na ziandikwe kwa unyenyekevu. Nyumba nyingi zina mahitaji manne au matano: picha na video kutoka kwenye simu za familia, mafaili ya pamoja, filamu na muziki kwa televisheni, pengine kuzuia matangazo kwenye mtandao wa nyumba, pengine nakala rudufu za kompyuta ya kazini. Penye intaneti ya bando kuna faida ya ziada ambayo haizungumzwi vya kutosha. Picha inayohama kutoka simu kwenda seva kupitia Wi-Fi ya nyumbani haitumii bando hata kidogo, wala haimalizi nafasi ya bure ya wingu la kampuni ya nje. Kwa programu ya Kiwix, Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake inaingia kwenye nafasi ya gigabaiti 100 na kitu, na watoto wanaisoma bila intaneti. Kazi hizi zote ni nyepesi. Gigabaiti 8 za RAM zinazitosha, 16 ni raha, na 32 ni za mtu anayetaka kujifunza kuendesha kompyuta za kufikirika ndani ya kompyuta, jambo jema ambalo lina bajeti yake.

Kazi moja tu katika orodha hiyo inahitaji kuangalia prosesa kwa makini: kubadili video kutoka umbo moja kwenda jingine wakati televisheni au simu haiwezi kusoma faili lilivyo. Kazi hiyo ikifanywa na prosesa yenyewe, feni inalia na wati zinapanda. Ikifanywa na sehemu ya michoro iliyomo ndani ya prosesa za Intel, haisikiki. Prosesa za kizazi cha sita husoma video ya umbo la HEVC ya biti 8 tu. Kuanzia kizazi cha saba zinasoma ya biti 10, ambayo ndiyo ya filamu nyingi za 4K. Prosesa ya Intel iliyoishia na herufi F haina sehemu ya michoro kabisa na kwa seva ya nyumbani iachwe dukani.

Sasa mashine zenyewe. Seva ya reki iliyostaafishwa na kampuni huuzwa kwa bei ya kutupa, na kwa kijana anayetaka kujifunza kazi ya mitambo inavutia: prosesa mbili, RAM tele, nafasi za diski mbele. Kelele yake ni ya kifyonza vumbi, na umeme wake umeshaonyeshwa hapo juu. Bei ya dukani inarudi kupitia LUKU ndani ya mwaka au miwili. Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa 2012, iko upande wa pili kabisa. Pi 4 iliyotulia inakula wati 3 hivi, na kwa kuzuia matangazo au kuendesha vifaa vya nyumba inatosha. Kwa kutunza mafaili si chaguo zuri tena. Ikishanunuliwa adapta yake, kasha, kadi ya kumbukumbu na boksi la diski, bei yake imeikaribia ile ya kompyuta kamili iliyotumika, na kadi za kumbukumbu huharibika kwa kuandikwa mfululizo, hasa panapokatika umeme kila wiki.

Katikati ndipo penye mavuno. Kampuni na benki za Ulaya na Ghuba hubadilisha kompyuta zao kwa mafungu, na Dubai ni kituo kikubwa cha mashine hizo kabla hazijafika Kariakoo au Luthuli Avenue. Zile zinazofaa zina upana wa kitabu: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Zikikaa bila kazi, zikiwa na SSD moja, nyingi hukaa kati ya wati 8 na 15. Zenye prosesa za kizazi cha sita na cha saba zimepata bahati mbaya inayomfaa mnunuzi: Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa kwa prosesa chache, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi zinaziondoa. Linux haijali.

Wapo wanaotaka mpya, na kwao kuna kompyuta ndogo zenye Intel N100, prosesa ya mwaka 2023 yenye viini vinne na wati 6 kwenye maelezo yake. Ni nzuri, na nyingi hutulia chini ya wati 10. Wapenzi wa mambo haya hubishana usiku kucha juu yake na mashine za mtumba, wakati hesabu inakata shauri kwa mstari mmoja. Tofauti ya wati 5 ni shilingi 15,600 kwa mwaka. Tuseme mpya imezidi ya mtumba kwa shilingi 200,000: itachukua karibu miaka 13 kuzirudisha, na hakuna kati ya mashine hizo mbili inayotarajiwa kuwa hai wakati huo. Kuhama kutoka wati 60 hadi wati 12 kunalipa. Kuhama kutoka 12 hadi 7 ni starehe, na starehe haina ubaya ikiitwa jina lake.

Kwa mwenye bajeti ndogo kuliko wote, seva ya kwanza huenda imo kabatini tayari. Kompyuta mpakato iliyovunjika kibodi au yenye kioo kilichopasuka inakula wati chache, kioo kikizimwa, na ina betri ndani yake, kwa hiyo umeme ukikatika haitetereki. Betri hiyo inahitaji uangalizi. Ikichajiwa kwa asilimia 100 miaka yote katika chumba chenye joto huvimba. Miundo mingi ya ofisini ina mpangilio wa kuisimamisha chaji kwenye asilimia 80, na huo uwekwe siku ya kwanza. Betri iliyokwisha kuvimba hutolewa, haibonyezwi wala haitobolewi.

Upungufu wa kompyuta hizi ndogo ni nafasi ya diski. Ndani yake huingia SSD moja ya umbo la kijiti na diski moja ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7, na diski za kuzunguka za unene huo huishia terabaiti 2. Kwa picha pekee hiyo ni nyingi kuliko inavyodhaniwa: picha ya simu ikiwa megabaiti 4, terabaiti moja inabeba picha 250,000. Video ndizo zinazomaliza nafasi. Nyumba inayopanga kuweka terabaiti nne au nane ifikirie dada mkubwa wa mashine hizohizo, umbo linaloitwa SFF, lenye ukubwa wa begi dogo la ofisini, ambalo hupokea diski ya inchi 3.5, mengine hata mbili. Wati zinaongezeka kidogo, usumbufu unapungua sana. Njia nyingine ni diski ya nje ya USB. Kwa diski moja inafaa, na ya inchi 3.5 ije na adapta yake yenyewe. Kuunganisha diski kadhaa za USB ziwe kama diski moja ni kutafuta matatizo, kwa sababu kebo ikitikiswa diski mojawapo hupotea na mpangilio wote unayumba.

Diski ya inchi 3.5 inayozunguka hula wati 4 hadi 6 hata isiposomwa. Diski nne ni wati 20, mara mbili ya kompyuta yenyewe. Ndiyo maana diski moja kubwa ni bora kuliko nne ndogo zilizookotwa huku na huko, ingawa zile nne zilipatikana bure. Diski inaweza kulazwa isipotumika ikabaki chini ya wati moja, lakini kuilaza kila baada ya dakika tano na kuiamsha tena kunaichosha. Nusu saa au zaidi ni kiasi cha busara. Mfumo wenyewe ukae kwenye SSD ili diski kubwa isiamshwe na kila ujumbe mdogo wa kumbukumbu za mfumo.

Kuna diski za aina mbili ambazo kwa macho hazitofautiani. Aina ya CMR huandika data kwenye mistari iliyo kando kwa kando. Aina ya SMR hulaza mstari mmoja juu ya ukingo wa mwingine kama vigae vya paa, ili nafasi iongezeke. Kubadilisha kigae kimoja kunalazimisha kuinua vinavyofuata. Kwa kuweka filamu na kuziacha, SMR haina kasoro. Kwenye mpangilio wa RAID, wa diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, diski ikifa na nyingine ikaletwa kujazwa upya, SMR inaweza kupunguza mwendo kiasi cha kuonekana imekufa nayo. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya kazi hiyohiyo, zilikuwa SMR, na baada ya hapo watengenezaji walianza kuchapisha orodha. Namba ya modeli isomwe kwenye orodha hiyo kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Diski ya mtumba si dhambi, ila ije na vipimo. Programu ya smartctl inaonyesha saa ambazo diski imewaka: saa 40,000 ni zaidi ya miaka minne na nusu mfululizo. Mistari miwili inatazamwa kuliko yote, ile ya sehemu zilizohamishwa baada ya kuharibika na ile ya sehemu zinazosubiri kuhamishwa. Yote miwili iwe sifuri. Ikiwa hata moja tu kwenye mstari wa pili, diski irudishwe kwa muuzaji. Tahadhari ibaki hata kwa diski zinazoitwa mpya, kwani mwanzoni mwa 2025 huko Ulaya iligundulika kwamba diski zilizokwisha kutumika zilikuwa zikiuzwa kama mpya huku hesabu ya saa imerudishwa sifuri.

Kukatika kwa umeme ndiko kunakoitofautisha seva ya Dar es Salaam au Kampala na ile inayoelezwa kwenye vitabu vya Ulaya. Hapa wati chache zinalipa mara ya pili. UPS ndogo ya dukani ina betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, jumla saa-wati 84, na baada ya hasara za kugeuza umeme na kuiheshimu betri ya risasi isikaushwe kabisa, hubaki kama nusu. Seva ya wati 10 pamoja na rauta ya wati 8 zinaishi hapo kama saa mbili betri ikiwa mpya. Mashine ya wati 100 haimalizi nusu saa. UPS yenyewe hula wati kadhaa hata umeme ukiwepo, na wati hizo ziingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Betri za risasi haziipendi Pwani: kila nyuzi 10 za joto juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa takriban nusu, kwa hiyo mahali pake ni sakafuni penye hewa, mbali na dirisha la jua. UPS yenye tundu la USB huunganishwa na seva, na programu ya NUT huizima seva kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha.

Jambo la pili ni kuifanya mashine iamke yenyewe. Ndani ya BIOS kuna mpangilio unaosema kompyuta ifanye nini umeme unaporudi: ibaki imezimwa, iwake, au irudi ilivyokuwa. Kwa seva jibu ni iwake. Mashine za mtumba zina mtego hapa. Betri ndogo ya kitufe aina ya CR2032 iliyo kwenye bodi kuu huwa imeshachoka, na umeme ukikatika BIOS inasahau kila kitu, pamoja na amri ya kuwaka. Mwenye nyumba akiwa safarini Dodoma anaona seva haijibu, anadhani imekufa, kumbe imelala ikisubiri kidole. Betri hiyo hubadilishwa siku mashine inapofika nyumbani, na ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika mradi huu.

Kwa upande wa mtandao, seva iunganishwe kwa kebo. Wi-Fi ni ya simu. Kitu kinachosahaulika ni matundu ya rauta: rauta nyingi za bei nafuu, hasa za laini ya simu, zina matundu ya megabiti 100 kwa sekunde, na hayo hupitisha megabaiti 12 tu hivi. Kuhamisha terabaiti moja kwa njia hiyo kunachukua karibu siku nzima. Kwa tundu la gigabiti ni saa mbili na nusu. Swichi ndogo ya gigabiti inamaliza tatizo hilo kwa wati moja au mbili, kwa kompyuta zilizounganishwa kwa kebo.

Kuifikia seva ukiwa mbali ni mada yenye mitego zaidi. Watoa huduma wengi wa intaneti ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, na hivyo hakuna mlango wa kufungua kwenye rauta hata mtu akitaka. Si hasara kubwa, kwani kufungua milango hiyo hovyo ndiko kunakowaleta wageni wasioalikwa. Njia salama ni handaki la WireGuard, teknolojia iliyoingizwa rasmi ndani ya Linux mwaka 2020. Huduma kama Tailscale hulijenga handaki hilo kati ya simu na seva bila anwani ya peke yake.

Programu zisichukue muda mrefu kuliko zinavyostahili. Debian tupu inatosha. Anayetaka kurasa za kubonyeza badala ya amri za kuandika achukue OpenMediaVault, ambayo imejengwa juu ya Debian hiyohiyo. Jellyfin ni ya filamu, Immich ya picha, Nextcloud ya mafaili na kalenda, Samba ya kushirikisha folda na kompyuta za Windows. Zisipandwe zote wiki ya kwanza. Kila programu inayokaa kazini huiamsha prosesa mara kwa mara, na kitaa cha mita kitaonyesha tofauti.

Limebaki suala la nakala rudufu, ambalo katika bajeti nyingi huandikwa mwisho na kufutwa wa kwanza. Diski mbili za RAID hulinda dhidi ya kufa kwa diski moja. Hazilindi dhidi ya mtoto aliyefuta folda, mwizi, maji ya mvua, wala radi iliyopita kwenye waya. Kwa seva ya kwanza, fedha za diski ya pili zinafanya kazi bora zaidi ikiwa diski hiyo ni ya nje, inachomekwa mara moja kwa wiki, inanakiliwa, inachomolewa na kuwekwa mahali pengine, ikiwezekana nyumba nyingine. Haili umeme, na radi haiifikii kabatini. Nakala hiyo ijaribiwe kwa kurudisha mafaili machache kwenye kompyuta nyingine, maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ipo.

Kabla ya picha za asili kufutwa kwenye simu za familia, mashine ipewe majuma mawili ya majaribio na iandikwe wati zake. Katika majuma hayo swichi kuu ya nyumba izimwe mara tatu bila kuiaga seva, mara moja UPS ikiwa imechomolewa. Ikirudi yenyewe mara zote tatu, diski zikaonekana na saa yake ikawa sahihi, iko tayari kukabidhiwa picha.